Rifleksheni na fildi za praiveti: nani atabeba hasara?

Ukiandika private mbele ya fildi (nafasi ya kuwekea data ndani ya klasi) katika lugha ya Java, kompaila, yaani chombo kinachotafsiri msimbo, haitaruhusu msimbo wa nje ya klasi hiyo kuigusa. Ila tangu toleo la 1.2, la mwaka 1998, mstari mmoja wa setAccessible(true) unatosha kuifungua fildi hiyo wakati programu inaendeshwa; njia hii ya programu kuchungulia na kubadilisha undani wa klasi ikiwa inaendeshwa ndiyo rifleksheni. Lugha imefunga mlango, kisha ikaacha ufunguo kwa jirani.

Wengi hukimbilia kusema huu ni uhuni. Sikubaliani nao moja kwa moja. Hibernate, maktaba ya kuunganisha Java na hifadhidata, inaposoma safumlalo, hujaza fildi za praiveti kwa njia hiihii, na maktaba ya Gson hufanya vivyo hivyo ikigeuza JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data, kuwa vitu vya Java. Bila rifleksheni ungelazimika kuandika metodi ya wazi ya kubadilisha kila fildi, na hapo kila mtu angeweza kuchezea hali ya ndani ya kitu chako. Kwa hiyo kuna nyakati ambapo kinachoonekana kuvunja usiri ndicho kinachoulinda. Tena mwenye klasi anajua: kwa Hibernate, ameweka alama ya @Entity juu ya klasi kwa mkono wake mwenyewe.

Balaa huanza klasi isipokuwa yako. Chukua String, klasi ya Java ya maandishi. Hadi Java 8, herufi zake zilikaa katika fildi ya praiveti iitwayo value, ambayo ni safu ya char, aina ya herufi ya baiti mbili. Java 9, Septemba 2017, ikaigeuza kuwa safu ya byte ili kubana kumbukumbu, kwa kuwa maandishi ya Latin-1, seti ya herufi za Ulaya Magharibi, yanatosha baiti moja kwa herufi badala ya mbili. (Kiswahili chetu sanifu kinaingia chote humo.) Jina la fildi lilibaki lilelile, na waliotumia metodi za wazi kama charAt hawakuguswa. Waliochungulia ndani wakitarajia char[] walipata ClassCastException, hitilafu ya aina zisizolingana, na kompaila haikuwa na namna ya kuwaonya, maana kwake jina la fildi lilikuwa maandishi tu ndani ya alama za nukuu.

Kuandika ni kubaya kuliko kusoma. Java hutunza vitu vya Integer, klasi inayobeba namba nzima, kuanzia -128 hadi 127 na kuvitumia kwa pamoja programu nzima. Katika Java 8 ungeweza kuingia ndani ya Integer ya 4 ukaweka 5, na kuanzia hapo mbili jumlisha mbili ikachapishwa 5 kila jibu lilipopitia Integer hiyo, hata mahali usipopajua.

Ndiyo maana naona wenye Java walifanya vyema kubana taratibu ufunguzi wa klasi za Java yenyewe. Java 9 ilitoa onyo, Java 16 ya Machi 2021 ikaanza kukataa, na Java 17 ya Septemba mwaka huohuo ikaondoa chaguo la kurudisha ulegevu wa zamani kwa jumla. Imebaki --add-opens, chaguo ambalo anayeendesha programu huliandika mwenyewe, pakeji (kundi la klasi) kwa pakeji. Waliokuwa wakipitisha LocalDate, klasi ya Java ya tarehe, kwenye Gson bila adapta (msimbo wa kuieleza Gson namna ya kuigeuza) walilalamika sana, na walikuwa na haki ya kukasirika: msimbo wao ulikuwa ukifanya kazi jana. Lakini hakuna aliyewahi kuwaahidi fildi zile.

Kuhusu majaribio ya msimbo sina subira. Jaribio linalosoma fildi ya praiveti hufeli ukibadilisha jina lake, hata kama klasi bado inafanya kazi sawasawa.

Hata hivyo nimewahi kufungua fildi ya watu. Maktaba ya zamani, isiyo na msimbo wazi, ilikuwa imeficha muda wa kusubiri mtandao wa sekunde 30, na wateja walikuwa wakikata tamaa kabla haujaisha. Tuliifungua, lakini katika klasi moja tu, tukaongeza ukaguzi wa kuhakikisha programu inapowaka kuwa fildi ipo na ni ya int, aina ya namba nzima. Toleo jipya la maktaba lilipokuja, fildi ilikuwa imekuwa long, aina nyingine ya namba. Programu iligoma kuwaka kwenye mashine yangu, saa tatu asubuhi, kabla mteja yeyote hajaiona.