Jina la Kanga Limekatwa

Mteja akiingia na simu mkononi, najua kinachofuata. "Fundi, naomba unishonee hii." Ananikabidhi simu, nami naikuza picha kwa vidole viwili nione bega limekatwaje, kola imelala au imesimama, zipu iko mgongoni au ubavuni. Zamani wateja wangu hapa Mtwara mjini walichagua mishono kwenye mabango yaliyobandikwa ukutani. Siku hizi kila mtu anatembea na bango lake, na mimi nusu ya kazi yangu imekuwa kusoma picha.

Majuzi binti mmoja aliniletea gauni la kitenge, shingo ya mraba, darizi imezungushwa pande zote nne. Nikaikuza picha nione ile darizi imepigwaje, kama ni ya mkono au ya cherehani, kama uzi umerudiwa mara mbili. Sikuona kitu. Filta iliyolainisha shingo ya mvaaji ilikuwa imepita na juu ya uzi, ikaacha ukungu wa rangi ya maziwa. Kuna mtu aliinamia shingo ile ya gauni pengine siku mbili nzima, macho yakimuuma, na kazi yake ikafutika pamoja na ngozi ya mwanamke aliyelivaa.

"Kwani huoni, fundi?"

"Sioni, mwanangu. Hapa itabidi nibuni ya kwangu."

Nimekaa na jambo hili rohoni, na leo naliandika. Kulainisha kitambaa na kulainisha ngozi ni kosa moja. Anayefanya hivyo hajatazama. Amekutana na kitu kizuri, akakirekebisha kabla hajakiona.

Napenda picha nzuri za watu waliovaa vizuri, na sioni haya kusema. Wapo wanaodhani mapenzi haya ni ya watu wasio na kazi. Lakini mtu anapochagua nguo, akaipiga pasi, akajifunga kilemba mbele ya kioo, akasimama mbele ya kamera, amekwisha kufanya kazi kubwa. Mpiga picha anapokelewa katikati ya kazi hiyo. Heshima ya kwanza anayodaiwa ni kuona kilichokwisha kufanyika.

Msichana ninayemfundisha ushoni nilimfungulia picha za Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Bwana huyu alifungua studio yake mwaka 1948, akapiga picha za watu wa mji wake kwa nyeusi na nyeupe, wengi wao uani, kwa mwanga wa mchana. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi alimpiga mteja picha mara moja tu. Fikiria hapo: mara moja. Ina maana kabla ya kubonyeza alikuwa amekwisha kumweka mtu sawa, bega limegeuzwa kidogo, mkono umepata pa kukaa, pindo la gauni limetandazwa lisijikunje vibaya. Alikuwa na saa, redio na hata makoti ya kuwaazima wateja. Nyuma yao alitundika kitambaa, na cha kwanza kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Kila baada ya miaka michache alikibadili, na baadaye akawa anakumbuka picha ni ya miaka gani kwa kutazama kitambaa cha nyuma.

Msichana wangu alishangaa jambo moja, nami nilifurahi kwamba aliliona mwenyewe. Kuna picha ya mwanamke aliyejilaza, gauni lake lina maua, tandiko lina miraba, pazia la nyuma lina michoro yake, na hakuna kinachomezana. Kwenye cherehani ukiweka vitambaa vitatu vya namna hiyo pamoja unapata fujo. Keïta aliviweka, na uso wa mama yule bado ndio unaouona kwanza. Mikunjo ya mkono wa gauni unaweza kuihesabu. Ngozi yake ina uzito, ina giza lake na mng'ao wake kwenye kipaji. Ile ni picha ya sura na ni picha ya mtindo kwa wakati mmoja, na mimi sijawahi kuona kwa nini watu huzitenganisha.

Sasa nieleze kilichotokea kwetu.

Mwaka juzi binti wa dada yangu aliolewa. Bibi yetu mzaa mama alishuka kutoka Newala na doti ya kanga aliyoinunua mwenyewe kwa pesa ya korosho. Baada ya shughuli tukampeleka studio moja hapa mjini apigwe picha ya peke yake, ya kuwapa maharusi waitundike. Siku ya kuifuata, bibi aliishika ile picha muda mrefu. Akaigeuza akatazama nyuma, akairudisha mbele.

"Jina liko wapi?"

Tukadhani anataka jina lake liandikwe chini. Dada akaanza kutafuta kalamu. Kumbe bibi alikuwa anauliza jina la kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina la kanga ile lilikuwa "Kitunze kikutunze". Aliichagua dukani kwa ajili ya bwana harusi. Akaifunga makusudi ili maneno yaangukie mbele, juu ya mapaja, akasimama wima asiyakunje. Mpiga picha akamkata kifuani. "Nilitaka kila akiingia sebuleni asome," bibi alisema. Kwa hiyo ule ujumbe wote, safari yote ya kutoka Newala, ukabaki nje ya picha.

Hapo ndipo mimi nikautazama uso. Ulikuwa mweupe kama wa mtu aliyepulizwa unga. Na chale hazikuwapo.

Bibi yangu ni Mmakonde wa zamani. Ana chale mashavuni na kwenye paji, mistari iliyokunjwa kama kiwiko, mmoja ndani ya mwingine. Alichanjwa akiwa msichana, wakampaka mkaa kwenye michanjo, na baadaye wakarudia palepale ili mstari ushike. Ukipitisha kidole unaisikia. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaifuata kwa vidole mpaka tunasinzia mapajani mwake. Kijana wa studio alituambia kwa upole kabisa, "Bibi nimemsafisha, nimemtoa makovu." Alidhani ametufanyia hisani, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yale ni mapambo, kwamba mtoto alivumilia maumivu ili awe nayo.

Mchongaji wa Kimakonde alilijua hilo. Mapiko ya zamani, zile barakoa za mti mwepesi zinazovaliwa ngomani, nyingi zina chale zilizobandikwa kwa nta ya nyuki, mstari mmoja mmoja, zimesimama juu ya mti kama zinavyosimama juu ya shavu. Yaani fundi alikwisha kumaliza uso, una macho, pua na mdomo, lakini kwake ulikuwa bado. Akachukua nta akaongeza. Kijana wetu wa studio alipewa uso uliokamilika, akapunguza.

Simlaumu peke yake. Vifaa vyenyewe vilizaliwa na upendeleo. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mfanyakazi wao wa kwanza kupigwa picha hiyo. Rangi ya ngozi yake ikiwa sawa, ilihesabiwa kwamba picha zote ziko sawa. Malalamiko yaliyosikilizwa zaidi katika miaka ya 1970 yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi zao za kahawia zitofautiane. Nyuso zetu zilinufaika baadaye, kwa mgongo wa makabati. Na hata kamera ya leo, ukiiachia ijipangie, huchukulia kwamba kilicho mbele yake kina mwanga wa wastani. Ukimweka mtu mweusi mbele ya bahari ya Shangani saa sita mchana, kamera inaona maji yanayometa, inapunguza mwanga, na uso unakuwa kivuli chenye meno. Kisha tunausingizia uso.

Jua letu nalo linataka kueleweka. Mtwara iko nyuzi kumi na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu na tarehe ishirini Oktoba na tena karibu na tarehe ishirini na moja Februari jua la adhuhuri linakaa utosini kabisa. Miezi hiyo, mtu akisimama nje saa sita na nusu, macho yanageuka mashimo na kidevu kinachora kivuli shingoni. Nasikitika kwamba Oktoba ndipo pia miezi ya korosho inapoanza, pesa inaingia, harusi zinapangana, na picha nyingi zinapigwa katika saa mbaya kuliko zote.

Yuko kijana mmoja hapa mtaani ninayempa kazi ya kupiga picha nguo zangu, na sababu yangu ni kwamba anajua kusubiri. Huwa tunakwenda Mikindani. Anamkalisha mvaaji barazani, ndani ya kivuli, uso ukielekea uani kwenye mwanga, na kuta za mawe ya matumbawe zenye chokaa iliyochakaa zinarudisha mwanga laini. Mtoto wa jirani anashika shuka nyeupe upande wa pili. Anapima mwanga kwenye shavu, si kwenye ukuta. Kuna siku alikataa kupiga kwa nusu saa nzima kwa sababu wingu lilikuwa linapita na kurudi, na gauni langu la satini lilikuwa linabadilika nalo. Mteja alikasirika. Mimi nilitamani kumwongezea malipo. Satini inasema ukweli kuhusu mwanga kuliko kitambaa chochote. Mwanga ukiwa mkali, mshono unameremeta kama jeraha.

Najua nitajibiwa: wateja wenyewe ndio wanaotaka filta. Ni kweli, nimewasikia. "Nifanye niwe mng'aro." Nimewaona pia wanaotumia mkorogo, wakati vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na nimepima mabega ya wanawake ambao ngozi yao imekuwa nyembamba mpaka naogopa kuwagusa na futi. Siwahukumu. Msichana aliyekua akiona kila picha nzuri imepaushwa atajuaje kwamba picha nzuri inaweza kuwa nyeusi? Ndiyo maana naona kazi ya mpiga picha ni nzito hivi. Mwaka 2007 Flaviana Matata aliposimama kwenye jukwaa la Miss Universe kule Mexico, kichwa kimenyolewa, akaingia kumi bora, wateja wangu kadhaa waliomba gauni zenye shingo wazi. Walikuwa wameona shingo. Mtu mmoja tu alionekana kama alivyo, na nikabadilisha mikato ya msimu mzima.

Na mwaka 2018 Tyler Mitchell, kijana wa miaka 23, alikuwa mpiga picha mweusi wa kwanza kupiga picha ya jalada la Vogue ya Marekani, lile jarida la mitindo, akimpiga picha mwimbaji Beyoncé. Nilipoiona, jicho langu lilikwenda nyuma yake: kitambaa cheupe, kimetundikwa tu. Nikamkumbuka Keïta na tandiko lake.

Picha ya bibi tuliirudia. Mwezi Juni mwaka jana nilipanda Newala na yule kijana wa mtaani. Asubuhi ukungu ulikuwa bado umejaa kule Shimo la Mungu, na tulikaa tukinywa chai mpaka ulipoanza kunyanyuka, mwanga ukawa mwororo bila kivuli popote. Bibi alivaa kanga moja ya ile doti. Ya pili aliitoa sandukuni, akaagiza ipigwe misumari ukutani nyuma yake. Sisi hatukumwambia. Akakaa kwenye kiti, akajirekebisha jina mapajani kwa viganja vyote viwili, akatazama kamera bila kutabasamu. Kijana akarudi nyuma hatua mbili ili pindo lote liingie. Chale zimetoka zote, mpaka ile fupi ya karibu na sikio ambayo mimi nilikuwa nimeisahau.

Tuliichapisha kubwa, nikaipeleka kwa maharusi Jumapili. Bwana harusi aliipokea mlangoni, akaisoma kanga kwa sauti kabla hajanikaribisha kuketi. Jioni nikampigia bibi simu kumweleza.

"Ameitundika wapi?"

"Sebuleni, bibi. Juu ya runinga."

"Yanasomeka ukiwa umekaa?"

Nikamwambia yanasomeka.