Reznor alirudi lebo, na sioni kosa

Kila ubishi wa wasanii na lebo, yaani kampuni za kutoa na kuuza muziki, ukipamba moto, hakosi mtu wa kumtaja Trent Reznor, Mmarekani wa bendi ya roki ya Nine Inch Nails, kama ushahidi kwamba lebo ni wanyonyaji watupu. Mimi ni shabiki wake wa siku nyingi, lakini hadithi hiyo husimuliwa nusu.

Albamu yake ya kwanza, ya 1989, ilitolewa na TVT, lebo ndogo iliyotaka kumpangia muziki wake uendeje. Walipokosana, akaanza kurekodi kwa siri, kwa majina ya bandia, TVT wasije wakazidai nyimbo. Hebu fikiria, mtu anajificha kama mwizi kwa kazi aliyoitunga mwenyewe! Lebo kubwa ya Interscope walipomchukua, akapata pumzi. Kwa muda.

Ilipofika 2007 akakuta albamu yake mpya, Year Zero, inauzwa ghali mno Australia. Kwa maelezo yake, alipouliza sababu aliambiwa na watu wa lebo kwamba mashabiki wake ni waaminifu, watanunua kwa bei yoyote. Yaani uaminifu wetu ndio tuliotozwa! Akapanda jukwaani Sydney akatuambia tuibe nyimbo zake. Oktoba mwaka huohuo akatangaza kuwa yuko huru, baada ya miaka 18 ya mikataba ya kurekodi.

Machi 2008 akaachia mwenyewe albamu ya Ghosts I–IV, vipande 36 visivyo na maneno: tisa vya kwanza bure, vyote kwa dola 5. Na kwa wenye uwezo, toleo la kifahari ndani ya boksi, la dola 300, nakala 2,500 tu. Zikaisha ndani ya siku chache. Piga hesabu: dola 750,000 kwa bidhaa moja. Mwezi Mei akatoa albamu nyingine, The Slip, bure kabisa.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi huishia. Mimi huuliza: wale wanunuzi 2,500 walitoka wapi? Wengi wetu tulimjua kupitia redio, video na matangazo yaliyolipiwa na lebo hizohizo. Chipukizi asiyejulikana akiweka boksi la dola 300 sokoni, atalinunua mama yake, tena kwa huruma.

Reznor mwenyewe nadhani aliliona hilo, maana albamu yake ya 2013, Hesitation Marks, ilitoka kupitia lebo kubwa ya Columbia. Nimesikia wakimwita msaliti. Usaliti gani? Kilichomkera tangu zama za TVT ni kuamuliwa na watu wengine: muziki usikike vipi, shabiki atozwe ngapi. Safari hii aliingia mtu aliyekwisha kuuza kazi yake kwa mkono wake akaona inalipa, na mtu wa namna hiyo habanwi kirahisi mezani. Chipukizi anayesaini mkataba wake wa kwanza hana silaha hiyo, na yeye ndiye ninayemhurumia.

Boksi lenyewe sikulinunua. Nilisikiliza vile tisa vya bure wiki nzima, kisha nikalipa dola zangu 5.