Bei Ni ya Trekta Tu, Mzee

Jamani, nani alisema ukiwa na hela unanunua trekta? Hela ni kiingilio tu. Vituko viko ndani.

Mimi nalima mahindi hapa Bweyale, Uganda, na foleni ya trekta za kukodi imenichosha. Mvua za Machi zikianza, mwenye trekta anakuwa mheshimiwa. Simu hapokei. Akipokea yuko Kigumba, kesho Masindi, na mwenzako mvua inakupita huku shamba ni nyasi tupu. Nikasema basi, nanunua yangu. Ya mkono wa pili lakini, maana mpya ukitajiwa bei unaomba kwanza kiti.

Dalali akanipokea kwa soda baridi. Soda ya bure ya dalali, hapo tu ungeshtuka. "Mzee, hii Massey Ferguson 375, nguvu za farasi 75, imefanya saa 900 tu!" Nikachungulia mita inayohesabu saa za injini. Kweli, 900 na ushee. Nikachungulia pedali ya klachi: raba hakuna, chuma kimelika mpaka kinang'aa. Saa 900? Huyo dereva alikuwa anakanyaga kwa msasa? Na rangi sasa! Nyekundu mbichi, imepakwa juu ya grisi, juu ya nati, mpaka kwenye paipu za mpira za haidroliki, ule mfumo wa mafuta unaoinua plau. Kuna nzi alitua kwenye boneti siku hiyo, maskini, naye kapigwa rangi, yuko pale pale na mabawa yake.

Nikaweka kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Moto. Mbona moto? "Jua, mzee." Jua gani linachoma chini ya boneti na juu kuko baridi? Wanaiwasha mapema ili ukifika iitike mara moja. Injini ya dizeli iliyochoka utaijua ikiwa baridi: inasumbua kuwaka, na ikitoa moshi wa bluu ujue inakunywa oili. Ndiyo maana unaambiwa uje saa nane mchana, asubuhi "bosi hayupo".

Nikamwambia, haya, inua plau, kisha zima injini tuone itakaa juu au itashuka. "Plau gani, mzee?" Eti bei ni ya trekta tu! Plau ya diski tatu ina bei yake. Haro ya kuvunja madongoa ina bei yake. Trela usiulize. Sasa trekta tupu nifanyie nini, niende nayo kanisani? Tukaazima plau ya watu, ikainuliwa, injini ikazimwa. Ikaanza kushuka, polepole, bila haraka, mpaka ikagusa chini. Sili za kuzuia mafuta ya haidroliki zimekwisha hizo. Dalali anasema, "Inapumzika."

Na fundi wangu niliyemleta kwa nauli yangu, akala chapati zangu, alianza vizuri, anatikisa kichwa kila anapogusa. Dalali akamvuta nyuma ya kontena kidogo, "wazungumze mambo ya spea". Aliporudi alikuwa anaipapasa tairi. "Mzee, chuma hiki!"

Nikaondoka. Lakini huku nyumbani nani anajua kwamba sijanunua? Ratiba imejaa. Jirani ana ekari tatu, zina visiki na vichuguu kila hatua, anasema nimlimie kwanza, dizeli tutaongea baada ya mavuno. Mchungaji anataka uwanja usawazishwe. Mama watoto anauliza itawekwa wapi, maana mbuzi wake hawahami.

Dereva je? Shemeji. Kajiteua mwenyewe, alichowahi kuendesha ni bodaboda. Jana kanipigia anadai gambuti na mshahara wa kuanzia. Nikamwambia, shemeji, trekta yenyewe haijanunuliwa. Akanijibu kwa ukali kwamba hilo ni tatizo langu, yeye pikipiki ya watu ameshairudisha.