Trela ya kwadi si pambo la lupango

Juzi mwenzetu mmoja alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la watu wa mashamba hapa Lubumbashi. Trela mpya ya kubebea kwadi yake, ile pikipiki ya magurudumu manne, alumini tupu, imeoshwa, imesimama kwenye sementi ya lupango, yaani uwanja wa nyumba, na maua nyuma yake. Pongezi zikamiminika. "Félicitations shefu!" Dole gumba, makofi, vile vimoto vyekundu. Mimi niliuliza kitu kimoja tu: rimu ni za inchi ngapi? Nikajibiwa kwamba wivu ni ugonjwa.

Sawa, ni mgonjwa. Lakini nilikuza picha nikasoma maandishi kwenye tairi: 4.80-8. Rimu ya inchi 8. Na mwenye mali ametangaza kwamba kiangazi hiki atavuta kwadi hadi mbuga ya Kundelungu, akaone maporomoko ya Lofoi. Maporomoko yale yana zaidi ya mita 300 na yanastahili safari, sibishi. Nabisha magurudumu.

Tairi la saizi hiyo linafaa toroli la kubebea mchanga, na si matusi, ni saizi ambayo matoroli yanavaa kweli. Kimo chake ni sentimita 42 hivi. Tairi la Hilux, pickup inayoivuta trela, lina kama 75. Sasa piga hesabu. Ukienda kilomita 90 kwa saa kwenye lami ya kwenda Likasi, tairi la Hilux linazunguka mara 640 hivi kwa dakika. Lile dogo nyuma yako linazunguka zaidi ya mara 1,100. Ndani ya kitovu chake kuna beringi ndogo, na grisi kiasi cha vijiko vichache. Inapata moto, grisi inakuwa maji, inatoka kupitia sili, halafu vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia kushika nafasi yake. Wewe uko mbele, madirisha yamefungwa, muziki unalia, hujui kitu.

Nimeona kitovu kilichokufa hivyo kabla ya kufika Likasi, trela ya rafiki yangu, tumesimama pembeni malori yanapita yakitutikisa. Harufu ya grisi iliyoungua ilitupokea kabla hatujashuka. Chuma cha ekseli kilikuwa kimegeuka rangi ya buluu, na beringi yenyewe ilikuwa imesagika, vipande vikatoka na kitambaa. Gurudumu lilikuwa limeinamia ndani, limebaki linashikwa na heshima tu. Trela ilikuwa bado ina karatasi ya plastiki kwenye taa.

Na sijafika kwenye mashimo. Tairi la sentimita 75 likikutana na shimo la upana wa sentimita 40, linapita juu, unasikia kishindo, unalaani, unaendelea. Tairi la sentimita 42 linazama shimoni na kugonga ukingo wa mbele kwa rimu. Shimo ni lile lile, dereva ni yule yule. Nani asiyezijua barabara zetu baada ya mvua za Novemba hadi Aprili? Wakati huo kuna na maji. Kitovu kilichopata moto kikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inajikunyata na kuvuta maji kupitia sili. Ukifika nyumbani unaosha kwadi inang'aa, na kutu inaanza kazi yake mahali usipopaona.

Wauzaji wana sababu zao za kupenda rimu ndogo. Trela inakaa chini, kwadi inapanda bila shida mbele ya mteja, bei inapendeza. Na kwa mtu wa Ulaya mwenye lami laini kutoka mlangoni hadi msituni, inatosha kabisa. Wewe unakaa Lubumbashi.

Kinachotakiwa hapa ni trela yenye magurudumu ya gari lako mwenyewe. Hilux ina boliti sita. Tafuta ekseli yenye kitovu cha boliti sita za mpangilio ule ule, uvae rimu zile zile. Tairi moja la akiba linahudumia gari na trela. Ukipasukiwa karibu na Kasenga utakuta tairi la pickup, jipya au kuukuu. La 4.80-8 utamwomba nani? Mwenye toroli?

Trela itakuwa ndefu kidogo kutoka chini, ndiyo. Nunua ngazi za kupandishia zilizo ndefu zaidi. Pole sana kwa usumbufu.

Alumini, haraka: haioti kutu na ni nyepesi, nakubali yote mawili. Ila ikipasuka kwenye kiungo, yule kijana wa kando ya barabara mwenye mashine ya kuchomelea ya vijiti, ambaye anaweza kukushonea chesi ya lori kabla jua halijazama, atakuangalia kwa huruma: "Papa, hii shiye hatuiweze." Hana mashine ya alumini wala gesi yake. Chuma anakiweza. Ni hivyo hivyo kwa springi: chukua za bapa, zile za chini ya malori, kila garaji inazijua. Ekseli za mpira wa ndani zinatembea kwa ulaini mzuri sana hadi siku mpira unapokufa, siku hiyo unabadilisha ekseli nzima.

Hapo najua mtaniambia: basi tutengenezeshe hapa hapa mjini. Hapo ndipo inanibidi nimeze mate. Mafundi wetu wanachomelea vizuri, lakini wengi wanaweka ekseli katikati kabisa ya sanduku, kwa sababu jicho linapenda usawa. Trela ya kiwandani, hata ile ya maua, ekseli yake imerudishwa nyuma kidogo ya katikati, na ina sababu. Uzito wa kutosha lazima ulale mbele, juu ya boli ya gari, ile tufe ya chuma inayoshika kichwa cha trela: karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote, au zaidi kidogo. Ukipungua hapo, trela inaanza kutikisa mkia. Mwanzo kidogo, halafu inakuvuta gari zima kushoto na kulia. Anayekanyaga breki kwa hofu wakati huo anamalizia kazi. Unaachia mafuta polepole, unashika usukani ukiwa umenyooka, basi.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, nenda na kipimo chako kwenye karatasi na usimame pale hadi ekseli ishikwe. Ukishapakia kwadi nyumbani, weka mizani ya bafuni chini ya kichwa cha trela, juu ya kipande cha mbao kifike urefu wa boli, usome. Trela ya kilo 250 na kwadi ya 350 ni kilo 600. Mizani isome 60 na kuendelea. Ikisoma 20, sogeza kwadi mbele.

Sasa tuongee na ugonjwa wetu wa Katanga: makala, yaani mkaa. Mtu amepanga vizuri asubuhi, kwadi mbele, mikanda imekazwa, kila kitu sawa. Jioni anarudi, anaona magunia yamesimama kando ya barabara kwa bei ambayo mjini haipo. Mama wa nyumbani amekwisha kupiga simu. Nafasi iliyobaki iko wapi? Nyuma ya kwadi. Magunia manne yanarundikwa kwenye mkia wa trela, la tano linafungwa juu ya mlango. Ule uzito wote wa mbele aliouhesabu asubuhi umeondoka, na sasa anashuka mteremko gizani. Weka makala ndani ya gari. Gari litachafuka. Litaoshwa.

Halafu kibandiko cha kilo 750 kwenye trela ndogo zinazotoka nje: hizo kilo ni pamoja na trela yenyewe. Kilo zetu 600 za hapo juu, ongeza pipa la petroli la lita 200, umepita 750. Kreti za bia ya Simba unazotaka kuongeza hazina pa kukaa.

Boli: ya milimita 50 ndiyo ya Ulaya na Afrika Kusini. Kichwa cha Kimarekani cha inchi 2 kinavaa juu yake na kinacheza, na kitu kinachocheza kwenye mashimo kinalika. Usichanganye. Cheni za usalama ni mbili na zinapishana chini ya mkono wa trela, ili kichwa kikichomoka kiangukie juu yake badala ya kuchimba lami.

Mikanda ifungwe kwenye chesi ya kwadi, pembe nne, ikandamize springi zake. Si kwenye usukani. Kila kiangazi namwona mtu amefunga kwenye usukani, kwa kamba ya manila, na fundo la kufungia mbuzi.

Na taa. Anayevuta trela bila taa usiku kwenye barabara ya Kasumbalesa, ya kwenda mpaka wa Zambia, katikati ya malori ya shaba, huyo simshauri kitu, namuomba tu aniambie saa anayopita nisiwepo.