Kesi ya nyani, hakimu ngedere

Juzi asubuhi, nikisubiri supu katika kibanda kimoja jirani na Soko la Majengo, Dodoma, nilimsikia mzee mmoja wa heshima zake akiwaeleza vijana kwamba majaji hawana lao katika mjadala wa Katiba mpya, kwa kuwa kazi yao ni kuhukumu wezi wa kuku. Nilinyamaza kwa adabu. Sasa supu imekwisha.

Ni katika mji huu huu, Oktoba 1994, ambapo Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamua, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba raia anaweza kugombea bila kudhaminiwa na chama. Haki hiyo hakuiota usingizini. Aliisoma katika Ibara ya 21, miongoni mwa haki ambazo Bunge lenyewe liliziingiza katika Katiba mwaka 1984. Bunge likajibu kwa kasi ambayo laiti tungeiona kwenye maji ya bomba: kabla mwaka haujaisha, lilipitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba na kuufunga mlango. Mtikila alirudi Mahakama Kuu akashinda tena mwaka 2006, hadi majaji saba wa Mahakama ya Rufani walipoamua, mwaka 2010, kwamba jambo hilo ni la kisiasa na liachiwe Bunge.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba jaji hapigiwi kura, wala nisingependa kuamka nikute Katiba imeandikwa na watu watatu wenye majoho. Lakini wabunge wote waliochaguliwa wameingia kwa tiketi za vyama. Kumwagiza asiye na chama akawaombe hao hao ruhusa ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Aende wapi basi? Mtikila alikwenda Arusha, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema haki zake zilivunjwa. Rasimu ya Katiba mpya iliyoandikwa na Tume ya Warioba, naye pia aliwahi kuwa jaji, ilimkubali mgombea huru. Kura ya maoni ya Aprili 2015 kuhusu Katiba hiyo mpya ikaahirishwa, na Oktoba mwaka huo Mtikila akafariki.

Yule mzee, alipoinuka kulipa, alinung'unika kwamba mtaani kwao walimtaka fundi cherehani fulani awe diwani, ila hana kadi ya chama chochote.