Sukari ishushwe hadi wapi? Mvutano kati ya lengo la matibabu na hatari ya sukari kushuka

Swali la sukari ya mgonjwa wa kisukari ishushwe kwa kiasi gani limewagawa watafiti kwa zaidi ya miaka 30, na bado halijaisha. Upande mmoja wapo wanaosema sukari ikaribishwe kadiri inavyowezekana na ile ya mtu asiye na ugonjwa, kwa sababu kila mwaka inaobaki juu ni mwaka wa kuharibika kwa macho, figo na mishipa ya fahamu. Upande wa pili wapo wanaokumbusha kwamba sukari iliyo juu hudhuru kwa miaka, lakini iliyoshuka kupita kiasi inaweza kuua kwa saa chache. Pande zote mbili zina tafiti kubwa za kuziunga mkono. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kuufuatilia mjadala huu, kwani malengo ya matibabu tunayoyatumia yalipangwa kwa wagonjwa wenye dawa na vifaa ambavyo wagonjwa wetu wengi hawana.

Hoja ya upande wa kwanza imesimama hasa juu ya utafiti unaojulikana kama DCCT, uliofanyika Marekani na Canada kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza (ambapo kongosho huacha kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari), na matokeo yake kutangazwa mwaka 1993. Kundi moja lilitibiwa kwa nguvu, yaani kwa kushusha sukari kadiri iwezekanavyo, na jingine kwa utaratibu wa kawaida wa wakati ule. Kwa kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari ya takribani miezi mitatu iliyopita, kundi la kwanza lilikuwa na karibu asilimia 7 na la pili karibu asilimia 9. Tofauti hiyo ilitosha kupunguza kwa asilimia 76 uwezekano wa kuanza kuharibika kwa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa watu ambao macho yao yalikuwa bado mazima, na uharibifu wa figo na mishipa ya fahamu ulipungua pia. Zaidi ya hapo, washiriki hao walipoendelea kufuatiliwa baada ya utafiti kufungwa, huku sukari za makundi yote mawili zikiwa zimekaribiana, waliotibiwa kwa nguvu mwanzoni waliendelea kuwa na nafuu, ikiwemo kupungua kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu kwa asilimia 42. Mwili, kwa maneno mengine, hunufaika kwa muda mrefu na miaka ya mwanzo iliyotunzwa vizuri. Kwa kisukari cha aina ya pili, ambapo insulini ipo lakini haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo, utafiti wa UKPDS wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulielekea huko huko.

Hata hivyo, utafiti huo huo wa DCCT ulibeba hoja ya upande wa pili ndani yake. Waliotibiwa kwa nguvu walipatwa na kushuka kwa sukari kulikohitaji msaada wa mtu mwingine mara tatu zaidi ya wenzao. Nao hawakuwa watu walioachwa peke yao: walichoma insulini mara tatu au zaidi kwa siku au walitumia pampu, walijipima sukari angalau mara nne kila siku, walionana na wataalamu kila mwezi na kupigiwa simu mara kwa mara, na waliokuwa na historia ya kuzirai mara kwa mara bila dalili za kuwaonya walikuwa wameachwa nje tangu mwanzo. Ninaona ni jambo zito kwamba namba ya asilimia 7 imesafiri duniani kote, ilhali mazingira yaliyoizaa hayakusafiri nayo.

Pigo kubwa zaidi kwa wenye kutetea sukari ya chini lilikuja Februari 2008, pale utafiti wa ACCORD ulipolazimika kusimamisha tiba ya nguvu kabla ya wakati. Utafiti huu ulihusisha watu 10,251 wenye kisukari cha aina ya pili, wa umri wa wastani wa miaka 62, ambao tayari walikuwa na maradhi ya moyo au hatari kubwa ya kuyapata. Kundi la tiba ya nguvu lilitakiwa kufikia HbA1c chini ya asilimia 6. Baada ya takribani miaka mitatu na nusu, watu 257 wa kundi hilo walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na 203 wa kundi la kawaida. Sukari kushuka kiasi cha kuhitaji msaada kuliwapata asilimia 16 ya waliotibiwa kwa nguvu na asilimia 5 ya wenzao. Wengi walihitimisha papo hapo kwamba kushuka kwa sukari ndiko kulikowaua.

Hitimisho hilo linaeleweka, lakini uchambuzi uliofuata haukulipa nguvu inayodhaniwa. Ni kweli kwamba katika kila kundi, aliyewahi kupatwa na kushuka kukali alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kuliko ambaye hakupatwa. Lakini watafiti walipowalinganisha wale tu waliopatwa na hali hiyo, vifo havikuwa vingi zaidi upande wa tiba ya nguvu. Kinyume chake, vilikuwa vingi upande wa tiba ya kawaida. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba, kwa sehemu kubwa, kushuka kwa sukari kunamtambulisha mtu ambaye tayari ni dhaifu: figo zimechoka, ini halifanyi kazi vizuri, hamu ya kula imepotea. Upande mwingine nao unajibu, kwa haki, kwamba sukari inaposhuka mwili humwaga adrenalini, mapigo ya moyo huweza kuvurugika, na moyo uliokwisha kuugua hauhimili misukosuko hiyo. Ninavyouona ushahidi huu, hautoshi kusema kwamba kushuka ndiko kulikosababisha vifo vya ACCORD, wala hautoshi kusema kwamba hakukuhusika.

Kilicho wazi zaidi, na ambacho kwa maoni yangu kingepaswa kuwa katikati ya mjadala, kinaonekana utafiti huo ukiwekwa kando ya mwingine wa mwaka huo huo, ADVANCE, uliohusisha watu 11,140. Wagonjwa wa tiba ya nguvu katika ACCORD walifikia HbA1c ya asilimia 6.4, wa ADVANCE walifikia asilimia 6.5. Ni karibu kiwango kile kile. Lakini katika ADVANCE waliopatwa na kushuka kukali walikuwa chini ya asilimia 3 kwa muda wa takribani miaka mitano, na vifo havikuongezeka. Washiriki wa tafiti hizo mbili hawakufanana kwa kila kitu, na wa ADVANCE walianza wakiwa na sukari nzuri zaidi, hivyo ulinganisho huu usibebeshwe mzigo usiouweza. Pamoja na hayo, njia zilitofautiana sana: ACCORD ilishusha sukari kwa kasi, kwa dawa nyingi kwa pamoja na insulini kwa wengi, ADVANCE ilikwenda polepole, ikianzia na kidonge cha gliklazidi. Hatari, basi, haikuwa kwenye namba iliyofikiwa peke yake bali pia kwenye dawa na mwendo uliotumika kuifikia.

Kuelewa kwa nini njia ina uzito huo kunahitaji kutazama jinsi mwili unavyojikinga. Kwa mtu asiye na kisukari, sukari ikikaribia milimoli 4.5 kwa lita kongosho hupunguza insulini. Ikishuka hadi takribani 3.8 homoni za glukagoni na adrenalini hutoka ili ini liachilie akiba yake. Karibu na 3.0 mtu huanza kutoka jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kubanwa na njaa ya ghafla, na chini ya 2.8 ubongo huanza kukosa chakula chake, mtu akaropoka, akapepesuka na hata kupata degedege. Mgonjwa anayechoma insulini hupoteza kinga ya kwanza kwa sababu insulini iliyokwisha ingia mwilini hairudishwi, na mwenye aina ya kwanza hupoteza ile ya glukagoni miaka michache baada ya kuugua. Hubaki na adrenalini. Hapo ndipo kazi ya Philip Cryer wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, na wenzake ilipofungua macho ya wengi: sukari ikishuka mara moja tu, mwitikio wa adrenalini kwa mshuko wa kesho yake hudhoofika, na dalili za onyo huchelewa au hazitokei kabisa. Mshuko unazaa mshuko. Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi walioepushwa na kushuka kwa wiki mbili tatu mfululizo walirudishiwa dalili zao, jambo linaloipa nguvu hoja ya kulegeza lengo kwa muda badala ya kulitupa moja kwa moja.

Sasa tuje nyumbani. Dawa ambayo bado inagawiwa kwa wingi katika kliniki zetu kwa sababu ya bei yake ni glibenklamidi. Kidonge hiki hulisukuma kongosho litoe insulini hata pale sukari inapokuwa imeshashuka, na kwa mtu mwenye figo dhaifu athari yake huweza kudumu zaidi ya siku nzima. Mfikirie bibi wa miaka 70 anayemeza kidonge chake asubuhi kwa chai ya rangi, akaenda shambani akitarajia kula mchana, na mchana chakula kisipatikane. Jioni anaongea mambo yasiyoeleweka. Jirani anadhani ni malaria imempanda kichwani. Angekuwa kijana, wangesema amelewa. Akifikishwa hospitali na kutundikiwa dripu ya glukosi huamka haraka, na hapo ndipo kosa hufanyika kirahisi, kwa kumruhusu aende nyumbani, ilhali dawa ingali mwilini na sukari itashuka tena usiku. Anatakiwa kulazwa na kupimwa mara kwa mara, angalau kwa siku nzima.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2018 kwamba mgonjwa ambaye kushuka kwa sukari ni tishio kwake apewe dawa ya jamii hiyo yenye usalama zaidi, kama gliklazidi, na orodha yake ya dawa muhimu imeweka tahadhari kwamba glibenklamidi haiwafai watu wa zaidi ya miaka 60. Mtu anaweza kujibu kwamba bajeti za dawa ni finyu, na kwamba kidonge cha bei nafuu kinachopatikana kina thamani kuliko kizuri kisichopatikana. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini hesabu ya bei inayoishia kwenye kidonge, bila kuweka siku za kulazwa, nyonga iliyovunjika kwa kuanguka na mgonjwa anayeacha dawa zote kwa hofu, ni hesabu isiyokamilika.

Kwa watu wa pwani na Waislamu wote, suala hili huwa kali zaidi mwezi wa Ramadhani. Utafiti wa EPIDIAR uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha zaidi ya watu 12,000 katika nchi 13, ulionyesha kuwa mishuko mikali iliongezeka karibu mara tano kwa wenye aina ya kwanza na zaidi ya mara saba kwa wenye aina ya pili. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyokuwamo, na hilo ni pengo. Wapo madaktari wanaoona jibu ni kukataza tu. Ninaona ni bora kukubali kwamba wengi watafunga hata wakikatazwa, na kwa hiyo mazungumzo yaanze kabla ya mwezi kuandama: dawa zipi zibadilishwe, dozi kubwa ihamishiwe kwenye futari, daku iliwe karibu na alfajiri, na mgonjwa ajue kwamba sukari ikifika chini ya 3.9 anafungua hapo hapo, hata kama imebaki nusu saa adhana ya magharibi isikike.

Watetezi wa lengo la chini wana jibu jipya, nalo ni vihisi vinavyopima sukari mfululizo. Ni uzi mwembamba unaokaa chini ya ngozi, umepakwa tabaka jembamba la polima lenye kimeng'enya kinachochakata glukosi. Utafiti wa IMPACT wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wenye aina ya kwanza waliotumia kihisi walipunguza muda wa kuwa na sukari ya chini kwa asilimia 38. Vina kasoro zake, kwa kuwa husoma maji ya chini ya ngozi na hivyo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, na aliyekilalia usiku huweza kuamshwa na onyo la uongo. Kwa nchi ambako mgonjwa hununua mwenyewe hata vijiti vya kupimia kidoleni, jibu hili bado ni la wachache.

Je, basi tulegeze malengo kwa kila mtu? Hapa natofautiana na wale ambao hofu ya kushuka imewafanya waridhike na sukari ya juu. Kwa mzee mwenye maradhi mengi, HbA1c ya karibu asilimia 8 inatosha, na miongozo ya Marekani yenyewe inakubali hivyo. Kwa kijana wa miaka 15 mwenye aina ya kwanza, kumwacha akae na asilimia 11 kwa sababu nyumbani hakuna kipimo ni kumwandalia upofu na kushindwa kwa figo kabla hajafikisha miaka 40. Anachohitaji ni vijiti vya kutosha, chakula kinachotabirika shuleni, na mwalimu anayejua kwamba mtoto anayetoka jasho na kusinzia darasani apewe vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, si andazi ambalo mafuta yake huchelewesha sukari kufika kwenye damu, na kwamba akishindwa kumeza asilazimishwe kunywa bali akimbizwe hospitali.

Swali ambalo kila kliniki inaweza kuanza kulijibu bila kifaa kipya ni lile ambalo mara nyingi haliulizwi. Mgonjwa hupimwa sukari ya asubuhi, huandikiwa namba kwenye daftari, husifiwa ikiwa ndogo na kukaripiwa ikiwa kubwa. Aulizwe pia, kila anapokuja, ni mara ngapi tangu ziara iliyopita alitetemeka au kuchanganyikiwa, kama aliitambua hali hiyo mwenyewe au aliambiwa na wengine, na alikuwa amekula saa ngapi. Majibu yaandikwe kwenye daftari lile lile, pembeni ya namba. Aliyesema hakutambua mwenyewe alegezewe lengo kwa wiki kadhaa na dawa yake iangaliwe upya siku hiyo hiyo, hata kama sukari yake ya asubuhi ilikuwa 5.