Mdhamini Awe na Ajira ya Kudumu

Ndugu zangu, nina swali. Mtu anathibitishaje kuwa hana? Kuwa nacho ni rahisi, unatoa, unaonyesha. Sasa asiye nacho atoe nini? Mimi niligeuza mifuko ya suruali mbele ya dirisha namba 4, ikaning'inia pale kama masikio ya mbuzi. Karani akanitazama, akasema kwa upole, "Mzee, hiyo siyo nyaraka."

Turudi nyuma kidogo. Kazini tuliitwa kikao cha dharura. Meneja akazungumza dakika 40 kuhusu mdororo wa uchumi, oda zilizopungua, gharama zilizopanda, mpaka nikaanza kumwonea huruma yeye. Kumbe mwisho wa hadithi nilikuwa mimi. Nikapewa barua na kile wanachokiita kiinua mgongo. Changu hakikuinua hata bega.

Nyumbani sikusema kitu. Kesho yake nikavaa shati, tai na koti, nikatoka kama kawaida, nikaenda kukaa kwenye benchi mpaka jioni. Siku ya 3 mama watoto akawa ananinyoosha kola, akauliza, "Hivi siku hizi ofisi yenu imetolewa paa? Mbona shingo imeungua na jua?" Basi. Nikatapika yote.

Ndipo nikajua nimeoa mchumi. Maana Marekani kuna kamati ya wachumi wabobezi ambao kazi yao ni kutangaza mdororo ulianza lini na uliisha lini. Ule uliokuja na msukosuko wa mabenki wa mwaka 2008 waliutangaza tarehe 1 Desemba 2008, wakasema ulianza Desemba 2007. Mwaka mzima watu wanapoteza kazi, wanauza makochi, kamati bado inachonga penseli! Wa mwaka 2020 ndio kichekesho zaidi. Ulidumu miezi 2 tu, ukaisha Aprili, lakini habari za kwisha kwake zikatolewa Julai 2021. Miezi 15 watu wamekaza mikanda hawajui kuwa rasmi walishavuka. Mama watoto alihitaji siku 3 na shingo moja.

Nikaambiwa ipo ofisi inayotoa mkopo nafuu wa kuwakwamua waliopunguzwa kazi. Nikaenda mbio. Fomu ina kurasa 11. Sasa mimi si mtu wa kulalamika, waulize jirani zangu, wao watasema vingine. Lakini mwaka huo huo wa 2008, mabenki makubwa ya Marekani yalipochacha, waziri wa fedha wa kule, Henry Paulson, aliwapelekea wabunge pendekezo la dola bilioni 700. Lilikuwa na kurasa 3. Bilioni 700, kurasa 3! Ni kweli wabunge walilinenepesha, wakalikataa mara moja, halafu wakalipitisha Oktoba. Lakini sijasikia mwenye benki hata mmoja aliyeulizwa jina la bibi mzaa mama. Mimi niliulizwa, ukurasa wa 4.

Halafu kuna ile kalamu. Kalamu ya dirishani imefungwa kamba, na kamba yenyewe inaishia katikati ya karatasi. Ukitaka kujaza sehemu ya chini unainua fomu juu kama unasoma mwezi, unaandika hewani. Nilipofika kwenye "Chanzo cha mapato" nikaandika "Hakuna". Karani akakata.

"Mfumo haukubali hakuna."

"Unakubali nini?"

"Andika mshahara."

"Dada yangu, mshahara ndio sina. Ungekuwepo ningekuwa hapa?"

"Basi lete slipu za mshahara za miezi 3 iliyopita, kuonyesha kwamba huna."

Jibu hilo nalitafakari mpaka leo. Kuna usiku naamka nalitafakari.

Ikatakiwa na hati ya kiapo kwamba sina kipato, yenye muhuri wa mwanasheria. Muhuri haugongwi bure. Nikamkopa fundi viatu hela ya kwenda kuapa kwamba sina hela. Niliporudi dirishani nimeshika hati yangu, karani akaiona risiti ya muhuri iliyobanwa nyuma, akakunja uso. "Na hii ulilipa kwa hela ipi?"

Kisha ikaanza kalenda. Njoo Jumatatu. Jumatatu mtandao uko chini. Jumatano mtandao umepanda lakini mwenye ufunguo wa kabati yuko semina. Nasikia duniani kote kuna watu wengi wenye haki ya kupata msaada ambao hawajitokezi kuuchukua, na wataalamu wanaumiza vichwa kutafuta sababu. Waje wakae na mimi kwenye benchi la pili kutoka mlangoni kwa saa 3. Waje na nauli yao.

Ndugu? Ndugu wapo, Mungu awabariki. Lakini ukiwa umechacha, simu yako inageuka kuwa na harufu, wanaisikia kabla haijaita. Waliopokea walinipa ushauri, na ushauri wote ulikuwa mmoja: kaza mkanda. Jamani, mkanda nimekaza mpaka nimetoboa matundu mapya kwa msumari wa moto, sasa ncha yake inazunguka mpaka mgongoni. Shemeji yeye alinisikiliza vizuri sana, akavuta pumzi, akasema, "Shemeji, afadhali umepiga, na mimi nilikuwa nakutafuta kwa jambo hilo hilo."

Nikaingia kwenye simu. Hapa naomba watoto watoke chumbani. Ile mikopo ya kwenye simu, ambayo watu wameipa jina lake halali la kausha damu, inakuja kwa lugha ya mapenzi: mpendwa mteja, unastahili, bonyeza hapa. Hakuna kurasa 11, hakuna jina la bibi. Nikabonyeza. Programu ikaomba ruhusa ya kuona namba zote za simu nilizohifadhi, nikaipa, nikidhani inataka kunifahamu.

Riba ilikuwa asilimia 10. Nikasema kumi si mbaya. Binti yangu, mwenye daftari la hesabu na ulimi wa mama yake, akauliza, "Baba, kumi kwa mwaka au kwa mwezi?" Nikapandisha miwani. Kwa mwezi. Akachora safu 12 kwenye daftari, mia moja juu kabisa, akawa anateremka, riba inazaa riba, kimya kimya, anafuta na kuandika. Chini kabisa akapigia mstari: usipolipa mwaka mzima, mia inakuwa zaidi ya 313. Halafu akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyefeli darasa la nne.

Nilipochelewa siku 5, nikaelewa namba za simu zilikuwa za nini. Ujumbe ukaenda kwa mwalimu wangu wa zamani, fundi bomba, meneja aliyenipunguza, na mtu niliyemhifadhi kwa jina la "Usipokee Huyu". Wote wakaambiwa mimi ni mdaiwa sugu, wanishauri nilipe. Meneja alinipigia kunipa pole. Usipokee Huyu naye akapiga. Nikapokea, bahati mbaya.

Matapeli nao hawakulala. Mmoja akanipigia kwa sauti ya redio, mkopo wangu mkubwa umepita, nitume kwanza ada ya bima. Nikamwambia kaka, ikateni humo humo kwenye mkopo, mnitumie kinachobaki. Kimya. Nikarudia. Akakata simu. Nimejua: anayetaka umtumie hela kabla hajakupa, hapo mkopeshaji ni wewe.

Kwenye upatu ningeponea, maana upatu ni mali ya binadamu wote. Wameksiko wanauita tanda, Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi ni susu, Wachina wana hui yao. Watu wanachanga, mmoja anabeba, zamu inazunguka, hakuna kiapo wala slipu. Tatizo langu ni dogo. Zamu yangu nilishaibeba enzi za neema, nikanunua spika. Spika lina taa. Sasa zilizobaki ni miezi ya kuchangia wenzangu, na mweka hazina wetu ni mama mmoja ambaye angepewa kazi ya kukusanya madeni ya dunia, dunia ingelipa. Spika nimelitangaza kuuza. Aliyekuja kuliangalia aliomba nimkopeshe.

Kilichonisaidia kweli, nasema kwa shingo upande, ni mama watoto. Nilikuwa na mkopo wa zamani, wa benki, wa makochi, na kila benki ikipiga mimi najificha chooni kana kwamba simu ina macho. Siku moja akaipokea yeye. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza kitu dukani, "Mume wangu amepunguzwa kazi, hiki kiasi hatukiwezi, mnatusaidiaje?" Nikasubiri dari ianguke. Upande wa pili mtu akajibu, "Mngetuambia mapema mama, tungepanga upya marejesho." Tukaitwa, wakarefusha muda, rejesho la mwezi likashuka karibu nusu. Muda ukirefuka na riba ya jumla inaongezeka, sijasema ni zawadi, lakini mwezi unapita mtu anapumua. Miezi 2 ya kuishi chooni ingeokolewa na dakika 4 za simu. Na mwenyewe ananikumbusha kila nikienda chooni.

Ikabaki ile fomu ya ofisini. Kila kitu kilishatimia: picha 2 za pasipoti ambazo natoka kama nimeshtakiwa, kiapo, slipu, jina la bibi. Pengo moja tu, kipengele cha 27: mdhamini awe na ajira ya kudumu.

Nani ana ajira ya kudumu siku hizi? Nilipitia simu yangu yote, hata Usipokee Huyu. Nikabaki na mtu mmoja, jirani wa mlango wa pili. Kila asubuhi saa 1 na nusu anatoka na tai, begi la ngozi, viatu vinang'aa. Tunapishana getini, mimi naenda kwenye benchi langu, yeye kazini kwake. Tunasalimiana kikubwa, "Habari za majukumu?" "Tunasukuma." Wiki 2 nazima na kuwasha ulimi, aibu inanikamata. Mtu na kazi yake, unamwanzaje?

Jumapili jioni hodi. Ni yeye. Nikasema Mungu huyu, amemleta mwenyewe. Nikamkaribisha kwenye kochi lile la mkopo, akakaa kwenye ukingo, kwa nusu tako. Akasifia spika. Akaulizia watoto, mmoja mmoja kwa majina. Akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

"Jirani, mimi nakuona unavyotoka kila asubuhi na tai yako. Nikasema hapa mtaa mzima mwenye kazi ya uhakika ni wewe."

Akafungua begi la ngozi. Ndani hamkuwa na kitu kingine ila bahasha moja ya kaki, imechakaa kwenye pembe. Akatoa fomu. Kurasa 11. Akaifungua mbele yangu palepale panapohusika, kidole chake kikatua kwenye kipengele cha 27.

Sikusema neno. Nikanyoosha mkono chini ya mto wa kochi, nikatoa yangu, nikailaza mezani kando ya yake. Mwandiko wetu wote wawili sehemu ya chini umepinda vilevile, wa kuandika hewani.

Mama watoto akapaza sauti kutoka ndani, "Baba fulani, nani amekuja?"

"Mdhamini," nikamjibu.